Jinsi ya kumnoa golikipa binti kwa mechi za Ayumi Kaihori

Kama una binti anayekaa golini na unataka ajifunze kazi hiyo kwa kumtazama mtu, mpe Ayumi Kaihori wa Japani. Mpe maisha yake yote ya langoni, si zile dakika chache za Frankfurt peke yake. Nafundisha makipa wasichana hapa Tanga, wengi wao wa sekondari, na sijapata kipa mwingine anayewafunza mambo mengi kwa mkupuo kama huyu. Mwaka 2011, mjini Frankfurt, aliipa nchi yake Kombe la Dunia la wanawake kwa kuokoa penalti mbili za Wamarekani. Mwaka 2015, kwenye fainali ya kombe hilohilo, mbele ya Wamarekani walewale, akafungwa goli lililopigwa kutoka nusu ya uwanja. Ukiyatazama matukio hayo kwa makini utaona yote yanahusu jambo moja: kile kipa anachokiamua kabla mpira haujapigwa. Ndicho ninachotaka kukueleza namna ya kukifundisha.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua Japani. Wasichana wetu hawahitaji kuelezwa Wajapani ni nani kwenye soka. Oktoba 2022, kule Goa, India, Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana, walianza Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kwa kufungwa na Japani 4-0, kisha wakasimama tena, wakaifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali. Mabinti wengi waliuona mpira wa Kijapani siku ile, na maswali wanayo tayari.

Mweleze kwanza Kaihori ni nani

Usianze na video. Anza na mtu. Kaihori alizaliwa 4 Septemba 1986 katika mji wa Nagaokakyo, mkoani Kyoto. Klabu aliyojijengea jina ni INAC Kobe Leonessa, aliyoichezea kuanzia 2008 hadi mwisho wa msimu wa 2015, na humo alibeba ubingwa wa ligi mara 3 mfululizo, 2011, 2012 na 2013. Urefu wake ni sentimita 170.

Kwenye urefu huo simama kidogo. Goli la wanawake ni lilelile la wanaume: upana mita 7.32, kimo mita 2.44. Hakuna aliyelipunguza. Huko kwetu kocha akitafuta kipa wa kike hufanya moja kati ya mawili: humchukua mrefu kuliko wote, au humsukumia golini yule asiyejua kukokota mpira. Njia zote mbili zinaua makipa. Katika kikosi cha Japani cha 2015 kulikuwa na kipa mwingine, Erina Yamane, mwenye sentimita 187, na mechi za mtoano zote alisimama Kaihori. Mwambie binti yako mfupi habari hiyo, na umwambie mbele ya wenzake.

Mwambie pia kwamba mwaka 2011 Kaihori alivaa jezi namba 21. Namba 1 alikuwa nayo Nozomi Yamago, kipa mkongwe aliyezaliwa 1975 na ambaye alikwishacheza Kombe la Dunia tangu 1999. Namba 12 alikuwa nayo Miho Fukumoto, aliyedaka kwenye Olimpiki ya Beijing 2008 Japani ilipomaliza ya nne. Kocha Norio Sasaki aliwaruka wote wawili akampa lango yule wa 21, mwenye umri wa miaka 24, naye akacheza mechi zote za mashindano. Kwa hiyo binti akikulilia kwamba amepewa jezi ya mwisho kabatini, una jibu.

Vifaa

Simu yenye kioo kizuri, au runinga ya shule ikiwa mwalimu mkuu ni mwelewa. Mechi nne: Japani na Uingereza ya 5 Julai 2011, fainali ya 17 Julai 2011, Japani na Uholanzi ya 23 Juni 2015, na fainali ya 5 Julai 2015. Zipakue mapema ukiwa kwenye mtandao wa bure, maana ukianza kuwaonyesha huku mpira unagandaganda wanapoteza hamu. Uwanjani utahitaji kamba ndefu ya katani, ambayo hapa Tanga haikosekani, chupa za maji za kuweka alama, na mipira angalau mitatu. Glovu zikipatikana ni heri. Zisipopatikana, mazoezi haya yote yanafanyika bila glovu, ila punguza nguvu ya mashuti.

Namna ya kutazama

Watu hutazama mpira. Kipa anayejifunza hapaswi kuutazama mpira, amtazame kipa. Zima sauti, kwa sababu mtangazaji atamwambia binti kilichotokea kabla hajakiona mwenyewe. Kisha simamisha picha pale mguu wa mpigaji unaporudi nyuma kuvuta nguvu. Hapo hapo, wala si baada ya goli. Muulize: amesimama hatua ngapi kutoka kwenye mstari? Uzito wake uko kwenye vidole au kwenye visigino? Miguu yote miwili inagusa chini, au bado yuko njiani anatembea?

Swali la tatu ndilo linalotenganisha makipa. Kipa ambaye bado anatembea wakati mpira unapigwa huchelewa kila mara, hata awe na mikono mirefu namna gani. Afadhali asimame mahali pasipo sahihi kabisa akiwa ametulia, kuliko awe njiani kuelekea mahali sahihi.

Mara nyingi kamera haimwonyeshi kipa. Subiri marudio yanayoonyeshwa kutoka nyuma ya goli, hayo ndiyo mali yako.

Somo la Augsburg: mpira wa juu

Anza na mechi aliyofungwa. Wengi huanza na ushindi, na binti anabaki na picha ya malaika. Tarehe 5 Julai 2011 mjini Augsburg, Japani ilikutana na Uingereza ikiwa imekwishajihakikishia kuvuka kundi, kwa kuwa iliifunga New Zealand 2-1 na Mexico 4-0. Ikafungwa 2-0. Ellen White dakika ya 15, Rachel Yankey dakika ya 66, na magoli yote mawili yalipita juu ya kichwa cha Kaihori. Kanzu mbili, mechi moja.

Simamisha picha kwenye goli la White. Wasichana watasema, "Kocha, ametoka sana." Usikubali jibu hilo haraka. Kipa hutoka ili kupunguza pembe, na kutoka ni sawa. Swali ni je, mpigaji ana nafasi na ana muda? Akiwa amebanwa na beki, kichwa kiko chini, toka. Akiwa huru, kichwa kimeinuka, anakuona ulipo, basi kila hatua unayoiongeza mbele unampa yeye.

Uwanjani fanya hivi. Funga ncha mbili za kamba kwenye vigingi vya goli, chini kabisa, kisha uivute katikati hadi pale ulipo mpira, kama mita 18 kutoka golini. Sasa una pembetatu. Mweke kipa ndani yake, kwenye mstari wa goli, anyooshe mikono. Ataona nafasi kubwa kati ya vidole vyake na kamba. Mwambie atoke hatua moja, kisha nyingine. Kamba zinamsogelea. Anapofika mahali ambapo akiruka anagusa kamba upande wowote, msimamishe na uweke chupa ya maji. Amejipatia mwenyewe mahali pa kusimama, na hataisahau chupa hiyo.

Halafu rusha mpira kwa mkono, polepole, upite juu yake ukaangukie golini. Hapo atagundua kwamba kamba haikumweleza yote. Mpira wa chini hufuata kamba. Mpira wa kanzu hupinda. Mrudishe hatua moja na urushe tena. Endelea hadi apate mahali ambapo akirudi hatua mbili au tatu anaweza kuupangua juu ya mtambaa panya, ule mwamba wa juu wa goli. Weka chupa ya pili. Kati ya chupa hizo mbili ndimo anamoishi kipa, na kazi yake kila sekunde ni kuamua aikaribie ipi. Kwa binti wa miaka 14 ambaye hata akiruka haugusi mtambaa panya, chupa ya pili itakuwa karibu sana na mstari. Usimwonee aibu. Akikua itasogea.

Kabla hamjaondoka kwenye somo hili, wape habari ya siku nne zilizofuata. Kwa kufungwa ule mchezo Japani ikamaliza ya pili kwenye kundi, na hivyo ikaangukia kwa wenyeji Ujerumani, mabingwa wa 2003 na wa 2007. Tarehe 9 Julai, Wolfsburg, dakika 120, Kaihori hakufungwa hata moja. Karina Maruyama akafunga dakika ya 108, mabingwa wakaenda nyumbani kwao, ambako palikuwa papo hapo. Kocha wangu wa zamani alikuwa akimtoa kipa akifungwa magoli mawili ya juu. Sasaki hakumtoa.

Frankfurt: penalti

Hapa tukae.

Fainali ya 17 Julai 2011 ilichezwa Frankfurt mbele ya watazamaji 48,817. Japani ilikuwa imekutana na Marekani mara 25 bila kushinda hata moja. Miezi minne kabla yake, tarehe 11 Machi, tetemeko na tsunami vilikuwa vimeua maelfu ya watu nchini mwao, na wachezaji wale walikuwa wakizunguka viwanjani baada ya mechi na bango la kuushukuru ulimwengu kwa msaada. Alex Morgan akaifungia Marekani dakika ya 69, Aya Miyama akasawazisha ya 81. Kwenye muda wa ziada Abby Wambach akafunga kwa kichwa ya 104, na Homare Sawa akasawazisha ya 117. Mwishoni kabisa beki Azusa Iwashimizu akatolewa kwa kadi nyekundu. Kisha penalti.

Marekani walianza. Shannon Boxx akapiga, Kaihori alikwisharuka, mpira ukaja nyuma ya mwili wake, na mguu aliouacha nyuma ukaupiga nje. Miyama akafunga. Carli Lloyd akapaisha juu. Yuki Nagasato akapiga, Hope Solo akaokoa. Tobin Heath akapiga, Kaihori akaokoa kwa mikono. Mizuho Sakaguchi akafunga. Wambach akafunga. Saki Kumagai, binti wa miaka 20, akapiga juu kwenye pembe na mambo yakaisha, 3-1.

Rudisha penalti ya Boxx hata mara kumi. Watu wengi wanaiita bahati. Mimi sikubali. Kipa akiruka kwa kukata tamaa, mwili wote unaanguka kwa pamoja, miguu inaburutika chini, na mpira wa katikati unapita kwa raha zake. Kaihori aliruka akiwa bado ana mguu unaofanya kazi. Hilo hufundishwa.

Tafuta mchanga laini. Sisi huenda ufukweni maji yakikupwa, mahali penye mchanga mkavu. Kipa asimame katikati ya chupa mbili. Kocha awe na mpira hatua 6 au 7 mbele. Wakubaliane wazi: kipa ataruka kulia kila mara, na kocha atapiga taratibu katikati, kimo cha ugoko. Kazi ya kipa ni kuruka kweli kulia, na papo hapo kuuinua mguu wa kushoto uwe kama ukuta nyuma yake. Mara za kwanza mguu utabaki umelala. Usimkaripie. Mwambie alifikirie goti: goti likipanda, mguu wote unafuata. Akishaweza, geuza upande. Halafu ondoa makubaliano, piga popote upendapo.

Angalia anavyotua. Kipa hutua kwa ubavu wa paja, nyonga, kisha bega, kwa mfuatano. Akitua kwa kiwiko au kwa tumbo simamisha zoezi, rudi kwenye kuruka akiwa amepiga magoti hadi atue vizuri. Wasichana wetu wengi wanaogopa kuruka kwa sababu mtu alianza kuwarusha kwenye uwanja wa changarawe kabla hajawafundisha kutua, na ngozi ya nyonga ikachunika. Hofu hiyo inachukua muda mrefu sana kuondoka.

Penalti ya Heath inafundisha kusubiri. Kwa umbali wa mita 11 kipa hawezi kuuona mpira ukiondoka kisha ndipo aamue, muda hautoshi. Lakini akiamua mapema mno, mpigaji anamwona. Kuna dirisha dogo katikati, pale mguu wa kuegemea unapotua kando ya mpira. Mfundishe binti autazame mguu huo na nyonga. Mara nyingi mguu wa kuegemea huelekea upande mpira unakokwenda, na nyonga ikifunguka mapema mpira huenda upande wa pili wa mwili. Nimesema mara nyingi, si mara zote, na umwambie hivyo hivyo ili asije akajilaumu. Zoezi lake halihitaji hata kuruka: wewe kimbia kama unapiga, simama mguu ukishatua, yeye aonyeshe kwa kidole upande. Dakika 10 za zoezi hilo mwishoni mwa mazoezi, wakati wamechoka, zina faida kuliko mashuti 50.

Kwenye sheria, kuwa makini. Tangu 2019 kipa anatakiwa awe na angalau sehemu ya mguu mmoja juu ya mstari wa goli au sambamba nao wakati penalti inapigwa. Wakati wa Kaihori miguu yote ilitakiwa mstarini, ingawa waamuzi hawakuwa wakali. Kwa hiyo binti akiona makipa wa zamani wakijisogeza mbele mwambie asiwaige. Kwa sasa afanye hivi: mguu mmoja mbele kwa hatua fupi, wa nyuma ubaki mstarini hadi mpira uguswe.

Na kingine, hesabu wanayoisahau. Zilipigwa penalti nne na Wamarekani. Kaihori aliokoa mbili, moja ilipaa yenyewe, moja ilimpita. Wambach alipofunga hakuna kilichoharibika. Kipa anayetaka kuokoa zote hupaniki baada ya ile ya kwanza kuingia. Mpe kitu cha kufanya kati ya penalti na penalti: akaze glovu, apumue, aguse mtambaa panya au kigingi, arudi. Asitazame ubao wa magoli.

Benchi

Hili ni fupi lakini usiliruke. Mwaka mmoja baada ya kutwaa dunia, kwenye Olimpiki ya London 2012, kipa namba moja alikuwa Fukumoto. Yeye ndiye aliyedaka fainali ya Wembley tarehe 9 Agosti, mbele ya watu 80,203, Japani ikafungwa na Marekani 2-1. Bingwa wa Frankfurt alikuwa wa pili.

Mpe kipa wako wa pili kazi halisi siku ya mechi. Ndiye awapashe moto mikono makipa wenzake, ndiye aandike kwenye daftari mpigaji wa penalti wa wapinzani anapiga mguu gani na upande gani, ndiye amwambie wa kwanza wakati wa mapumziko mabeki wanamwacha nani huru. Kipa anayekaa benchi bila kazi huanza kuombea mwenzake afungwe, na hilo likishaingia kwenye timu huwezi kulitoa.

Uholanzi: mpira ulioponyoka

Kombe la Dunia la 2015 lilikuwa Kanada, na viwanja vyote vilikuwa vya nyasi bandia. Sasaki aliwapa makipa wake watatu mechi moja moja kwenye kundi: Yamane dhidi ya Uswisi, Kaihori dhidi ya Kameruni, Fukumoto dhidi ya Ekuador. Kisha akamrudia Kaihori. Tarehe 23 Juni, Vancouver, Japani ikiongoza 2-0 dhidi ya Uholanzi na dakika 90 zimekwisha, mpira wa Kirsten van de Ven ukamponyoka mikononi ukaingia. Wakamaliza wakishinda 2-1.

Mpira unaoponyoka kwa kawaida una chanzo kimoja kati ya viwili. Ama mikono iko mbele lakini mwili hauko nyuma yake, ama macho yameondoka kwenye mpira kwenda kutazama pa kuupeleka. Zoezi ni la kuchosha lakini halina mbadala. Kipa na mwenzake, hatua 5, kurushiana mpira wa kifuani. Kila anayedaka ataje kwa sauti rangi au herufi iliyo kwenye mpira. Huwezi kuisoma herufi kama macho yamekwisha kukimbia. Mwagia mpira maji mara mojamoja. Mipira ya chini idakwe kwa goti moja likiwa limeziba nyuma ya mikono, ili ukiponyoka ugonge mwili.

Siku nne baada ya kosa lile, tarehe 27 Juni mjini Edmonton, Japani iliifunga Australia 1-0 na Kaihori hakufungwa.

Vancouver, dakika ya 16

Sasa fainali ya 5 Julai 2015. Lloyd, yuleyule aliyepaisha penalti Frankfurt, alifunga dakika ya 3 na ya 5. Lauren Holiday akafunga ya 14. Dakika ya 16 Lloyd akaupata mpira karibu na mstari wa nusu, akainua kichwa, akapiga. Kaihori alikuwa mbele sana ya goli lake. Akarudi kinyumenyume, akayumba, akaugusa mpira kwa vidole, ukagonga nguzo na kuingia. Ilikuwa 4-0.

Wasichana hucheka wanapoliona. Waache wacheke, kisha simamisha picha sekunde kadhaa kabla ya shuti na uwaulize kwa nini alikuwa pale. Kwa sababu ndiyo kazi. Timu inapokuwa na mpira kule mbele, mabeki wakipanda, kipa anatakiwa apande naye azibe nafasi nyuma yao. Angekaa mstarini, mpira mrefu wowote ungekuwa wa mshambuliaji. Hatari inaanza pale timu inapoupoteza mpira: hapo kipa arudi kwanza, atazame baadaye. Na kwa Lloyd muda kati ya kuupata mpira na kupiga ulikuwa mdogo sana.

Zoezi lake ninalipenda kuliko yote. Kipa asimame kwenye mstari wa kumi na nane. Kocha akae kwenye duara la kati na mipira. Wachezaji wawili wapigiane pasi mbele yake. Ukipuliza filimbi maana yake mpira umepotea. Kipa arudi mbio, na wewe upige juu, ukianza na kuchelewa kidogo ili afanikiwe, kisha uharakishe siku hadi siku.

Kinachofundishwa ni miguu. Asirudi kinyumenyume kama Kaihori. Visigino vinanasa, mwili unalala nyuma, na nguvu ya kuruka inakufa. Afungue nyonga, ageuke ubavu, akimbie kwa kuvusha mguu mmoja mbele ya mwingine huku uso umeangalia mpira juu ya bega. Akifika, aruke kwa mguu mmoja na aupangue kwa mkono wa upande wa juu, ule ulio mbali na goli, kwa sababu ndio unaofika mbali zaidi. Binti mmoja mfupi kuliko wote kwangu ndiye anayelifanya zoezi hili vizuri kuwashinda wengine, maana ana miguu myepesi na haamini kwamba urefu utamwokoa.

Usizime video baada ya goli hilo. Bado kuna dakika 74. Kaihori alibaki langoni mbele ya watu 53,341, goli nne zimekwisha kuingia, na katika muda wote uliobaki alifungwa moja tu, la Heath dakika ya 54, yule ambaye penalti yake aliiokoa miaka minne kabla. Yuki Ogimi, ambaye mwaka 2011 aliitwa Nagasato, alifunga dakika ya 27, na Julie Johnston akajifunga ya 52. Ikaisha 5-2. Tazameni dakika hizo zote bila kurukaruka. Muangalie anavyoanzisha mpira baada ya kila goli, anavyowapanga mabeki kwenye kona. Binti akifungwa goli la aibu siku ya Jumamosi hatahitaji hotuba. Atahitaji kuwa amekwishaona mtu akiendelea.

Msimu ule wa 2015 ukiisha INAC ilitwaa Kombe la Malkia wa Japani mwezi Desemba, na Kaihori akatundika glovu akiwa na miaka 29.

Baada ya Kaihori

Mkimaliza, mpe Ayaka Yamashita, kipa wa Japani wa sasa, aliyezaliwa 1995 na aliyehamia Manchester City mwaka 2024. Naye ana sentimita 170. Tafuta mechi yake na Kanada kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa Sapporo tarehe 21 Julai 2021. Alitoka kumkabili Janine Beckie wakagongana, ikatolewa penalti, akatibiwa chini kwa muda mrefu, akasimama, akaiokoa penalti ya Beckie, kisha akashindwa kuendelea na kutolewa. Mechi iliisha 1-1. Tumia penalti hiyo kurudia somo la mguu wa kuegemea.

Lakini kuumia kisha kubaki, hilo binti yako asiliige, na umwambie kabla ya kumwonyesha. Kule kulikuwa na madaktari wa timu uwanjani. Kwako yupo wewe, sanduku la huduma ya kwanza na pikipiki ya jirani. Kipa akigongwa akabaki chini, mtoe. Akiwa amegongwa kichwa, hata akisema yuko sawa, hachezi tena siku hiyo. Mtu mzima akae naye, na akitapika, akisinzia ovyo au akirudia maswali yaleyale, apelekwe hospitali mara moja. Penalti mwachie kipa wa pili, yule uliyempa daftari.